Waliojiandikisha wasiokwenda kupiga kura, Jiji la Tanga: sampuli ya 400 inatosha?

mkwakwani

Habari za humu wakuu.

Naandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu watu waliomo kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ambao siku ya kura hawaonekani kituoni. Eneo ni Jiji la Tanga. Mpango ulivyo sasa:

Sampuli: kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kosa 0.05. Sensa ya 2022 inaonyesha Jiji la Tanga lina watu 393,429, kanuni inatoa 400. Kata nne, Ngamiani Kati, Makorora, Pongwe na Tongoni, watu mia mia, ili nipate katikati ya mji, uswahilini, pembezoni na pwani.

Dodoso: "Je, ulipiga kura katika Uchaguzi Mkuu uliopita? Ndiyo / Hapana." Aliyejibu Hapana anaulizwa "Kwa nini?" Kisha umri, jinsi, elimu, kazi, imani kwa Tume ya Uchaguzi, imani kwa vyama.

Uchambuzi: SPSS (programu ya takwimu), regresheni ya logistiki, yaani kuona kipi kinaendana na kupiga au kutopiga kura.

Maswali matatu. Moja, 400 inabeba hoja ya "wapiga kura wa Tanga" au jopo litaniangusha? Mbili, inasemekana watu hudai walipiga kura hali hawakupiga, nawabainije? Tatu, mwenyekiti wa mtaa anipeleke nyumba hadi nyumba kama ilivyo desturi, au niingie mwenyewe na barua yangu?

MpimaTakwimu

Mkuu, 400 si ndogo. Shida ni ulivyoigawa.

Kwanza hiyo Yamane. Umeweka Jiji, 393,429, ukapata 400. Sasa weka mkoa mzima, 2,615,597, kuanzia Kilindi hadi Mkinga: unapata 400 ileile. Watu wakishazidi elfu hamsini hivi, kanuni hii haijali tena ukubwa wa eneo, kwa hiyo kuitaja kwenye tasnifu kama ushahidi kwamba sampuli "inawakilisha Tanga" hakuongezi kitu. Na N yako (idadi ya watu) yenyewe siyo: sensa imehesabu hadi watoto wa kunyonya, wewe unatafuta wenye miaka 18 na kuendelea.

Kubwa zaidi ni kwamba kanuni inadhani kila mhojiwa kachomolewa peke yake kutoka kwenye orodha ya watu wote. Orodha hiyo huna. Unakwenda kwa makundi, na watu wa eneo moja hufanana: kituo kimoja, diwani mmoja, maneno ya kijiweni yaleyale. Ukiwahoji wengi sehemu moja, kila anayeongezeka anakwambia machache mapya. Hasara hiyo hupimwa kwa athari ya usanifu, yaani 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni wahojiwa kwa kila kundi na ρ ni kiwango chao cha kufanana. Tuchukue ρ ya 0.05 kwa mfano. Kwa makundi yako ya watu 100:

1 + 99 × 0.05 = 5.95

Gawa 400 kwa 5.95, unabaki na nguvu ya watu 67. Kosa la asilimia 5 uliloandika kwenye pendekezo linakuwa 12. Na hapo nimekufanyia hisani ya kudhani kata zimepatikana kwa bahati nasibu, kumbe umezichagua kwa mkono.

Geuza mpango: mitaa mingi, watu wachache kila mtaa. Afrobarometer, watafiti wa maoni ya wananchi Afrika, ambao mshirika wao hapa nchini ni taasisi ya utafiti ya REPOA, huhoji watu 8 kwa kila eneo la kuhesabia watu. Sampuli ya 2,400 inatoka maeneo 300. Kwa watu 8, athari ni 1 + 7 × 0.05 = 1.35. Chukua 384 ya kawaida (kosa la asilimia 5, uhakika wa asilimia 95), zidisha kwa 1.35, ni 519. Weka akiba ya mmoja kati ya kumi kwa wanaokataa na wasiopatikana, ni 577. Mitaa 72 kwa watu 8 ni 576. Ishia hapo.

Namna ya kupata mitaa 72: omba Jiji orodha ya mitaa ya kata zote 27 pamoja na idadi ya watu. Ipange kata kwa kata, jumlisha idadi ukishuka mstari hadi mstari, gawa jumla kuu kwa 72 upate pengo. Chomoa namba moja ya bahati nasibu kati ya 1 na pengo. Mtaa inapoangukia ndio wa kwanza. Ongeza pengo, wa pili, hivyohivyo hadi mwisho. Mtaa mkubwa unakuwa na nafasi kubwa ya kuchaguliwa, lakini kwa kuwa kila mtaa unatoa watu 8 tu, nafasi ya mtu mmoja mmoja inasawazika. Usiipange orodha kwa alfabeti. Ukiipanga kwa kata, hesabu yenyewe inakutawanya Jiji zima, kutoka Chongoleani hadi Marungu. Ukiipanga kwa alfabeti unaweza kujikuta nusu ya mitaa iko mjini.

Jingine: 519 ni idadi ya *waliojiandikisha*. Majaribio ya awali yakionyesha mmoja kati ya watano hayumo daftarini, mitaa ipande hadi 90. Na hao wasiomo usiwafukuze mlangoni, waulize maswali machache. Bila wao hutajua kama tatizo liko kwenye kura au lilianzia kwenye kujiandikisha.

bi_raskazone

Nachukua swali la pili.

Ndiyo/Hapana hiyo itoe kabisa. Mtu akiulizwa na mgeni mwenye kitambulisho shingoni kama alitimiza wajibu wake, jibu la adabu ni ndiyo. Si uongo wa kukusudia kila mara. Wengine wanakumbuka uchaguzi mwingine, wengine wanakumbuka nia. Marekani watafiti waliweza kulinganisha majibu ya dodoso na kumbukumbu rasmi za nani alifika kituoni, wakakuta mara kwa mara sehemu ya waliosema "nilipiga" haimo. Wewe kumbukumbu hiyo ya kulinganisha hunayo, kwa hiyo kinga yote iko kwenye swali lenyewe.

Mfumo uliojaribiwa ni wa kumpa mtu njia za kusema hapana bila fedheha. Robert Belli na wenzake waliuchapisha mwaka 1999, na waliodai kupiga kura walipungua. Kwa Kiswahili cha hapa ningeuandika hivi:

"Tunapozungumza na watu kuhusu uchaguzi, wengi hutuambia hawakuweza kwenda kupiga kura: kuna waliokuwa kazini, waliosafiri, waliouguliwa, waliopoteza kadi, wasioona jina lao ukutani, na walioona hakuna haja. Kwako wewe, siku ile ilikuwaje?

1. Sikuwa nimejiandikisha.
2. Nilifikiria kwenda lakini sikwenda.
3. Kwa kawaida huwa napiga, ila safari ile sikupiga.
4. Nina hakika nilipiga kura."

Jibu la 4 liwe la mwisho, na lina neno "hakika" kwa makusudi. Mdadisi asome yote manne kabla ya kupokea jibu. Wadadisi wana tabia ya kusikia "nilipi…" wakaweka alama na kuendelea, na hapo swali linarudi kuwa Ndiyo/Hapana.

Kwa wa jibu la 4, weka maswali mawili matatu ya kawaida, yasifanane na mtihani: ulipiga kituo gani, ilikuwa asubuhi au jioni, ulipewa karatasi ngapi. Bara mpiga kura hupewa tatu, rais, mbunge na diwani, ila 2020 penye mgombea aliyepita bila kupingwa zilipungua. Tengeneza kwanza jedwali la kata zako ujue jibu sahihi la kila mahali. Usimfute mhojiwa kwa kukosea moja. Mpe alama ya "shaka" na uchambue mara mbili, pamoja nao na bila wao. Matokeo yakibaki palepale, liandike hilo kwenye tasnifu; yakibadilika, jopo litataka kujua kabla yako.

Angalia pia mchanganyiko wa chaguzi. Novemba 2024 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, unaosimamiwa na TAMISEMI kwa orodha yake yenyewe ya wapiga kura, siyo Daftari la Kudumu. Mtu asiye na kadi ya mpiga kura aliweza kujiandikisha mtaani na kumchagua mwenyekiti. Akikuambia kwa moyo mweupe "nilipiga, palepale ofisi ya mtaa", huenda anazungumzia huo. Taja mwaka, mwezi na nani walichaguliwa kabla ya kuuliza.

Na swali la mwisho kabisa la dodoso, kabla ya kuaga: "Unadhani nani ametutuma kufanya mahojiano haya?" Afrobarometer hulitumia. Wakisema serikali, chama au Tume, hata kama ulishasoma utambulisho wa chuo, unajua majibu yao ya imani kwa Tume uyasome kwa tahadhari. Swali moja, sekunde kumi, na thamani yake kubwa kuliko nusu ya kipengele chako cha elimu na kazi.

mkwakwani

Shukrani sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Nimeona pia njia ya orodha: kundi moja linasomewa mambo manne, la pili manne yaleyale na la tano "nilipiga kura", mtu anataja idadi tu bila kusema yapi. Haimalizi tatizo la aibu?

MpimaTakwimu

Aibu inaimaliza, sampuli inaimaliza pia. Makadirio yako ni tofauti ya wastani wa makundi mawili. Ukigawa watu 520 nusu kwa nusu, 260 kila upande, na majibu yakitawanyika kwa kiasi cha 1, kosa sanifu la tofauti ni karibu 0.09. Maana yake ukipata asilimia 65 walipiga, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 48 na 82, na hapo athari ya makundi sijaigusa. Njia hiyo inataka maelfu ya watu. Halafu haikuambii *nani* hakupiga, inakupa wastani tu, wakati wewe unataka regresheni ya mtu mmoja mmoja. Kaa na maswali ya bi_raskazone.

Ukitaka usiri zaidi kwa bei nafuu: swali la kura na lile la chama, kama unaliuliza, yawe kwenye karatasi ndogo anayojaza mwenyewe na kuitia kwenye bahasha iliyofungwa, yenye namba ya dodoso tu. Kwa asiyesoma weka alama za picha. Tafadhali usimruhusu mwanawe amjazie.

KayaNaKura

Kabla hujaenda mtaani, amua unapima nini dhidi ya nini. Sura yako ya kwanza lazima itakuwa na jedwali la ushiriki wa kitaifa, na jedwali hilo watu hulisoma vibaya kila mwaka. Asilimia dhidi ya waliojiandikisha: 2005 ilikuwa 72 hivi, 2010 ikaanguka hadi 42.8, 2015 ikapanda 67.3, 2020 ikashuka 50.7. Wengi wanaandika "ushiriki ulianguka mara mbili" kana kwamba ni jambo moja. Weka idadi ya watu pembeni ya asilimia uone:

2005: waliojiandikisha milioni 16.4, kura milioni 11.9
2010: milioni 20.1, kura milioni 8.6
2015: milioni 23.2, kura milioni 15.6
2020: milioni 29.8, kura milioni 15.1

Anguko la 2020 kwa sehemu kubwa ni la kigawanyo. Kura zilipungua kama nusu milioni, lakini daftari liliongezeka watu milioni 6.6. Kura zilezile za 2020 ukizigawa kwa daftari la 2015 unapata asilimia 65. Kwa hiyo swali la 2020 ni: hao walioongezeka daftarini ni akina nani, na mbona idadi ya kura haikupanda nao? Vijana waliofikisha miaka 18? Watu waliohama wakaacha jina kwao? Marehemu wasioondolewa? Kila kundi lina jibu lake na wewe mtaani unaweza kuwaona wawili wa kwanza tu.

chumvi_ya_pangani

Na 2010 je? Si ndiyo hiyohiyo, daftari lilikuwa halijasafishwa vizuri, limejaa marehemu na waliohama. BVR, uandikishaji wa alama za vidole, ilipokuja 2015 watu wakaandikishwa upya wote, asilimia ikapanda. Daftari tu hilo.

KayaNaKura

Daftari la zamani lilikuwa na matatizo hayo, nakubali, ila halielezi 2010. Marehemu daftarini anapunguza asilimia, hapunguzi kura. Kura zenyewe, karatasi zilizoingia sandukuni, zilitoka milioni 11.9 hadi 8.6. Zaidi ya watu milioni 3 waliokuja 2005 hawakuja, na miaka mitano baadaye zikaingia milioni 7 zaidi. Daftari likiwa safi au chafu, hiyo ni tabia ya watu. Ndiyo maana namsisitizia mwenzetu aweke safu zote mbili.

Kwa Tanga hasa, kuna kitu kizuri cha kutumia. Jimbo la Tanga Mjini lilikwenda CUF mwaka 2015 kwa Mussa Mbarouk, likarudi CCM 2020 kwa Ummy Mwalimu. Ni jimbo ambalo watu wameona kwa macho yao kwamba kiti kinaweza kubadilika. Ile nadharia ya Riker na Ordeshook ya 1968, kwamba mtu huenda kituoni kama nafasi ya kura yake kuamua (P) mara faida (B), ukitoa gharama (C) na kuongeza wajibu (D), inazidi sifuri, watu huitupa kwa sababu P daima ni ndogo mno. Lakini P *anayoidhani* mtu inabadilika sana kati ya uchaguzi wenye ushindani na ule ambao diwani au mbunge kapita bila kupingwa. Uliza: "Kabla ya siku ya kura, ulidhani matokeo ya ubunge hapa yanajulikana tayari, au yangeweza kwenda upande wowote?" Lina uzito kuliko "una imani na Tume kiasi gani", ambalo limechoka na linajibiwa kwa mazoea.

Tahadhari moja. Usichukue matokeo ya kata, ukakuta zenye vijana wengi zina ushiriki mdogo, ukaandika "vijana hawapigi kura". W. S. Robinson alionyesha tangu 1950 kwamba uhusiano wa maeneo unaweza kuwa kinyume kabisa na wa watu. Inawezekana kwenye kata hizo wasiopiga ni wazee.

mwambao

Swali la tatu limeachwa, na ndilo litakaloamua kama hayo mengine yote yana maana.

Mwenyekiti usiende naye mlangoni. Barua zako zipite kwake, ndiyo. Njia ni ileile ya siku zote: barua ya kibali ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Jiji, mtendaji wa kata, kisha ofisi ya mtaa. Kila ngazi inabaki na nakala, toa nakala nyingi mapema. Mwenyekiti aione barua, agonge muhuri, aseme kwa maneno yake kwamba mtaani kuna wadadisi. Basi. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama, na mjumbe wa shina ni wa chama moja kwa moja. Akisimama hatua mbili nyuma yako, hakuna atakayekwambia hakupiga kura kwa sababu haamini. Atakwambia aliumwa. Na mwenyekiti akikuchagulia nyumba, atakupeleka kwa watu wake wanaoongea vizuri. Akishikilia kwamba lazima usindikizwe, kubali msindikizaji hadi kona ya mtaa, abaki pale.

Sasa nyumba. Mpango wa kawaida ni kuanzia sehemu iliyochomolewa kwenye ramani (siyo ofisi ya mtaa, siyo msikitini, siyo sokoni), kisha nyumba ya 5 kulia, ya 10 kushoto, unabadilishana. Ngamiani kwa barabara zake za namba ni rahisi kama kusoma daftari la hesabu. Lakini hesabu *kaya*, usihesabu milango ya nje. Nyumba moja ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita, kila mmoja na chungu chake. Ukihesabu milango, mwenye nyumba ya kaya moja aliyekaa miaka thelathini ana nafasi sawa na kaya zote sita hizo kwa pamoja. Na wapangaji ndio hasa unaowatafuta: waliohamia karibuni, kadi zao za Lushoto au Handeni, hawakuhamisha taarifa zao daftarini. Ukiwapoteza hao, utaandika kwamba Tanga watu hawapigi kura kwa kukata tamaa, kumbe jina lake liko Mlalo na nauli hana. Weka swali: "Jina lako lipo daftarini kwenye kituo cha wapi?" Liwe na jibu la "nje ya Jiji".

Ndani ya kaya usimhoji aliyefungua mlango. Nyumba hii mwanamke, inayofuata mwanamume. Andika majina ya wenye sifa kwenye vijikaratasi, vikunjwe, mmoja achomolewe. Aliyechomolewa hayupo? Unarudi, angalau mara mbili, saa tofauti. Kubadilisha na jirani aliyepo ndiko kunakofanya tafiti zijae akina mama wa asubuhi na wastaafu. Dereva wa bodaboda, mbeba mizigo, muuza samaki, hawapo saa nne asubuhi, na hao hawakuwepo siku ya kura pia kwa sababu ileile.

Simu zenye KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso, zinatosha, bure, na zinafanya kazi bila mtandao. Zima GPS. Mahali pa nyumba ya mtu pamoja na msimamo wake wa kisiasa ni utambulisho kamili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata kama ni mwanafunzi. Jina la mtaa linatosha. Namba ya simu, kama unaihitaji kwa kuhakiki wadadisi, ikae faili tofauti na ifutwe baada ya uhakiki.

bi_raskazone

Niongezee la mwaka. "Uchaguzi Mkuu uliopita" sasa ni wa 29 Oktoba 2025, na huo hauulizwi kama 2020. INEC, yaani Tume ya Uchaguzi, ilitangaza ushiriki wa karibu asilimia 87. Siku ileile na zilizofuata kulikuwa na maandamano na vifo katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekwa amri ya kutotoka nje. Ukiuliza mlangoni kuhusu siku hiyo, mhojiwa anapima kwanza usalama wake, kumbukumbu baadaye. Ushauri: 2025 iwe na sehemu yake, kwenye bahasha, na "sipendi kujibu" liwe jibu kamili lenye namba yake. Lisichanganywe na "sijui". Idadi ya waliokataa mtaa kwa mtaa ni matokeo, usiitupe kama data iliyopotea. Swali la "nani alikuzuia" usiliweke kabisa. Kamati ya maadili italikataa, na ina haki. Na 2020 ukiiuliza, jua imepita miaka mingi, kumbukumbu zimefifia. Itumie kwa "huwa unapiga / huwa hupigi" tu.

MpimaTakwimu

Kwenye uchambuzi, mambo mawili matatu kwa haraka. Regresheni inahesabu kundi dogo, siyo jumla: ukiwa na watu 520 na 130 tu hawakupiga, usizidishe vigezo 13, kwa ile kanuni ya zamani ya matukio kumi kwa kigezo. Makosa sanifu yakokotolewe kwa mtaa, SPSS ina sehemu ya sampuli changamano, programu ya R ina paketi ya *survey*. Ukisahau hili kila kitu kitaonekana cha maana. Linganisha vijana na wazee, 260 kwa 260, ukijua tofauti iliyo chini ya pointi 10 hutaiona. Rekebisha uzito kwa jinsi na umri kutumia sensa. Na "imani kwa Tume" umeipima baada ya uchaguzi, kwa hiyo usiandike kwamba ndiyo iliyosababisha. Asiyekwenda huweza kujitafutia sababu baadaye.

Lile "Kwa nini?" la wazi acha, ila mdadisi aandike maneno ya mtu yalivyo, kisha aulize mara moja tu, "na kama hilo lisingekuwepo, ungekwenda?" "Sina muda" ikifuatwa na "hapana" si jibu la muda. Watu wawili wayapange majibu 60 ya kwanza kila mmoja peke yake, mlinganishe. Kapa ya Cohen, kipimo cha mnavyokubaliana, ikiwa chini ya 0.7, makundi yenu hayajaeleweka, yaandikwe upya kabla ya kuendelea.

mkwakwani

Nimeelewa. Nabadilisha: mitaa 72, watu 8, kata zote, bahasha, mwenyekiti kwa barua tu. Swali dogo la mwisho kwa mwambao: Tongoni na Chongoleani wanaume wengi wavuvi. Marudio mawili yatatosha kuwapata?

mwambao

Inategemea lini. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutoka usiku wa giza na hupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo panga mitaa ya pwani iangukie siku tatu nne kabla na baada ya mwezi mpevu, saa nane mchana hadi magharibi. Asubuhi wamelala au wako pwani wanagawana. Ijumaa mchana acha. Walioko dago hutawapata hata kwa marudio matano: wameweka kambi mbali, wiki kadhaa. Usiwabadilishe. Mdadisi ajaze fomu ya kaya kwamba aliyechomolewa yuko dago, tangu lini, na muulize mke au mzazi jambo moja tu la ukweli, siyo la msimamo: siku ya kura alikuwa hapa au kambini? Masika, Machi hadi Mei, usipange kwenda huko. Barabara za ndani zinakatika na bajaji hazifiki.